Gari Lililowahi Kuzama

Jumanne, 9 Aprili

Nimeliona leo. Kijani! Si kijani cha majani, ni kile cha maji ya kina kirefu jua likiwa juu. Paa jeupe la turubai, la kukunja. Viti vya ngozi rangi ya maziwa. Liko nyuma ya kibanda cha Bi Verlie Castille, anayeuza magari yaliyotumika kule barabara ya tuta la mto. Nilisimamisha baiskeli bila kukusudia. Moyo ulinidunda kama wa kijana. Nina miaka hamsini na tisa.

Bi Verlie alitoka na kahawa yake na, hata sijamsalimu, akaniambia gari lile lilizama. Kimbunga cha mwaka juzi. Maji yalifika kwenye usukani, likakaa humo mpaka mto ulipoamua kurudi nyumbani. Bima wakalitangaza limekufa, wakamlipa mwenyewe, na jimbo la Louisiana likaliandikia hati ya mabaki: yaani kila atakayelinunua, milele, ataambiwa kwamba hili lilishazikwa mara moja. Akasema ni nusu ya bei ya wenzake, na hata hiyo nusu ni nyingi. Akasema mtu mwenye akili zake halinunui.

Nimelitafakari hilo njia nzima. Muuzaji gani anaisema vibaya mali yake? Jibu ni moja tu. Analitaka mwenyewe! Anatufukuza wateja ili libaki. Mjanja sana yule mama. Lakini kakutana na Ferrel Guidry.

Na gari tunalihitaji. La kwetu lilikata roho mwezi wa pili, mbele ya duka la vyakula, na samaki wabichi ndani. Mimi baiskeli inanitosha, duka la chambo ninakouza minyoo haliko mbali. Lakini mke wangu Odette anapika jikoni hospitali na anaingia alfajiri. Tangu siku ile anapelekwa na jirani yetu, Nolan Broussard. Kafiwa na mke. Pikapu yake inang'aa hata kukiwa na mawingu. Anajipaka manukato kabla kuku hawajaamka! Kwa nini mtu ajipake manukato kumpeleka mke wa mwenzie jikoni? Najiuliza tu.

Jumatano, 10 Aprili

Nimerudi kulitazama. Bi Verlie akanipa ufunguo, akasema nikae ndani ninavyotaka, viti havitozwi. Nikakaa. Kuna harufu ya tope, na nyuma ya tope harufu nyingine, kama ya kanisa siku ya sikukuu. Jua lilipita kwenye turubai likawa jeupe na laini. Nikashika usukani. Nikasinzia.

Niliota nimo ndani yake, chini ya mto. Maji ya kijani pande zote. Samaki wanapita dirishani polepole kama watu wanaotoka misani, wengine wananitazama kwa heshima. Odette yuko pembeni yangu, nywele zake zinaelea. Hatuongei. Tunakwenda mahali, sijui wapi, na hakuna haraka yoyote. Katika maisha yangu yote sijawahi kuendesha gari vizuri namna ile.

Niliamshwa na Bi Verlie akigonga kioo. Alidhani nimekufa.

Kisha akaanza tena. Akainua zulia: tope kavu. Akainua tairi la akiba: ganda la kaa, dogo, jeupe kama jino la mtoto. Akasema nyaya zinaoza kwa ndani, polepole, na leo litawaka na kesho halitawaka. Akasema mifuko ya hewa inaweza kufunguka wakati wa ajali, au isifunguke, au ifunguke siku nimesimama nakunywa soda. Na ukikata kushoto, honi inalia yenyewe mpaka unyooshe.

Nikamuuliza kama paa linafunguka. Akarudisha zulia mahali pake. Akasema ndiyo, linafunguka.

Niliwapigia bima nikiwa dukani. Binti mwenye sauti tamu akanieleza kwamba watalipa nikimgonga mtu, lakini gari lenyewe, kwa macho yao, thamani yake haipo. Nikamwambia hata mimi kuna ndugu wanaonihesabu hivyo. Akacheka. Nimelichukua hilo kama dalili njema.

Ijumaa, 12 Aprili

Mpango! Mzuri kuliko ule wa kufuga kasa. Binamu yangu Alcide aende kwa Bi Verlie kama mteja asiyenijua. Alizunguke gari. Alisonye. Ateme mate kando. Aseme limechakaa, linanuka, hata bure hachukui. Bi Verlie avunjike moyo, ashushe bei. Kisha mimi nitokee kama malaika.

Alcide alikubali kwa ahadi ya ndoo ya minyoo. Nikajificha nyuma ya mashine ya barafu iliyo ng'ambo ya barabara.

Alilizunguka. Akasonya, vizuri kabisa. Halafu akaingia ndani. Akakaa. Akakaa sana. Alipotoka alikuwa kavua kofia.

Alikuja kwangu na macho yamelowa. Akasema, "Ferrel, mimi nalinunua hili."

Msaliti! Nikamwambia tulikubaliana nini. Akasema ndiyo, lakini akiwa ndani alimwona marehemu mama yake amekaa kiti cha nyuma na mkoba wake magotini, anatabasamu. Bi Verlie kumbe naye keshamwonya asilinunue. Alimwambia wiki hii kachoka kuwaokoa wanaume wazima.

Ikabidi nimtoe Alcide kwenye ndoto hiyo. Nilimweka chini kwenye nyasi nikamweleza yote, hoja baada ya hoja. Nyaya zinaoza. Bima hawatambui. Hilo gari hata namba za barabarani halipati mpaka jimbo likalikague, na linaweza kukataliwa. Ukitaka kuliuza, utauza kwa nani? Utamuua mtu, Alcide, au utakufa wewe, na honi inalia! Nilisema kwa ufasaha ambao sikujua ninao. Alcide akasadiki. Akanishukuru kwa kumfungua macho, akaenda zake na minyoo.

Kweli nilisema vizuri. Bahati nzuri sikuwa nasikiliza.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimemwambia Odette. Nilisubiri awe ameloweka miguu kwenye beseni, ndipo huwa mpole.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye kaona gari la Bi Theriot, yule mwalimu mstaafu. Dogo. La kahawia. Halijawahi kuzama, kuungua wala kupinduka. Limekwenda kanisani na sokoni basi. Linawaka asubuhi, akasema, na hicho ndicho anachotaka kwenye gari.

La kahawia! Nikamwambia mwanamke kama yeye hawezi kupita mjini ndani ya kiatu. Nikamweleza juu ya paa, upepo, tuta, ndege weupe kwenye mabwawa ya kufugia kamba. Nikamwambia yote ni kwa ajili yake, mimi sijitakii kitu. Alikunja uso kidogo aliposikia hilo, sijui kwa nini.

Kisha akaangalia maji ya beseni, akauliza kwa sauti ndogo, "Paa linafunguka lote?"

Nikasema lote.

Akasema basi kesho baada ya misa tutalijaribu. Kulijaribu tu, Ferrel.

Nolan alipita jioni kuleta mayai ya kuku wake. Nikamwambia kwa ukarimu kwamba huenda hatutahitaji tena kumsumbua. Uso ukamsawijika. Hah!

Jumapili, 14 Aprili

Naandika na kidole kimefungwa bandeji.

Bi Verlie akalipachika namba zake za majaribio, akatuombea. Kwa sauti. Odette akashika usukani, maana akiba ni yake zaidi. Nikabonyeza kitufe, paa likainuka, likajikunja nyuma kama bata anavyokunja bawa. Mbingu ikaingia yote.

Tukapanda barabara ya tuta. Sijui nielezeje. Upande huu mto, upande ule mabwawa ya kamba, maji yametulia, mawingu yamo ndani yake kichwa chini. Ndege weupe waliinuka mbele yetu mmoja mmoja. Odette akafungua kitambaa cha kichwa akakiacha kipeperuke. Nywele zake zina mvi nyingi kuliko nilivyokumbuka, na zilinipendeza kuliko nilivyokumbuka. Kisha akacheka. Bila sababu! Kicheko kile cha zamani, cha dansi za ukumbi wa Boudreaux, wakati tulipokuwa hatuna hata baiskeli. Nikafumba macho. Nikasema moyoni: nimeshinda.

Barabara ya tuta haina kona. Lakini daraja liko kushoto.

Odette akakata, honi ikaanza. Akaduwaa, akakanyaga breki, na palepale juu ya daraja, katikati kabisa, gari likazima. Honi haikuzima. Waipa zikaanza kufuta kioo kikavu.

Daraja lenyewe ni lile la kunyanyuka. Chini, boti la wavuvi wa kamba lilikuwa linakuja, nalo likapiga honi, likidhani tunalisalimu. Mlinzi wa daraja akatoka kwenye kijumba chake na kipaza sauti.

"Bwana Guidry! Toa hilo dude nifungue daraja!"

"Haliwaki!"

"Basi nitalinyanyua nawe humo humo!"

Hapo mvua ikaanza. Nikabonyeza kitufe cha paa. Paa likaja nusu, likanibana kidole, likagoma. Odette alikaa tu pale kwenye usukani, mvua inamwagika, mikono magotini. Nikadhani analia. Kumbe bado anacheka, ila kwa namna nyingine.

"Usiwe na huzuni," aliniambia. "Nilitaka upepo. Nimeupata."

Na nani aliyetokea nyuma yetu katika magari yote ya wilaya hii? Pikapu inayong'aa. Nolan akashuka na kamba ya kuvutia gari. Nilisubiri anicheke. Hakucheka. Alisimama kwenye mvua, mkono kwenye mlango wa kijani, akiupapasa kama shingo ya farasi.

"Earline alitaka la namna hii," akasema, akimtaja marehemu mkewe. "Kila mwaka ananiambia, Nolan, nataka gari la kufungua juu. Na mimi kila mwaka, mwakani."

Akapenga makamasi, akatuvuta. Kufika kwa Bi Verlie lazima upite mbele ya kanisa, ambako watu walikuwa bado uwanjani wanakula keki. Kona ya kanisa ni ya kushoto. Padri alitupungia mkono.

Nyumbani nilimwambia Odette nimemwona Nolan akimlilia mkewe. Akasema anamlilia hivyo kila asubuhi! Kila taa nyekundu anasimama na kumsimulia Earline: Earline alipenda hiki, Earline alipika kile. Manukato ni ya Earline, anajipaka ili harufu isipotee garini. Odette anafika kazini kachoka kabla hajashika sufuria. Anamhurumia, lakini ana huzuni zake za kutosha. Ndiyo maana anataka gari, tena lenye kuwaka.

Kumbe. Niliona aibu kidogo. Ikapita.

Jumatatu, 15 Aprili

Maharage mekundu na wali, kama kila Jumatatu. Odette alirudi mapema, akala, akaweka kijiko chini. Akasema kanunua gari la Bi Theriot. Leo, wakati wa chakula cha mchana. Liko nje.

Nilichungulia. Ni la kahawia kweli.

Nikauliza na la kijani je. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Akasema fedha zangu za minyoo na za kasa waliouzwa zinanitosha, hatanizuia. "Lichukue kama unalitaka sana. Nitapanda siku za Jumapili, kama litawaka. Ila usiniambie ni kwa ajili yangu. Sema unalitaka wewe. Nitakuheshimu zaidi."

Kisha akaosha vyombo. Nimekaa kwenye ngazi za nyuma na karatasi hii. Miaka thelathini na ushee, hajawahi kunipa ruhusa nzito hivi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Kwa ugomvi nina maneno.

Alhamisi, 18 Aprili

Siku tatu nimewaza. Dukani nimempa mteja mmoja minyoo bila kopo.

Juzi mchana nilikwenda kulala kwenye nyasi kando yake, pale kwa Bi Verlie. Nyuki walikuwa wanatembelea taa zake za nyuma. Kutoka chini linaonekana kubwa kama meli. Nililipigia hesabu za kweli, kama nilivyompigia Alcide, na safari hii nikasikiliza. Nikakubali kila neno. Halitawaka. Jimbo litalikataa. Litanila fedha mpaka mifuko itoboke. Na kila nilipokubali neno moja, nilizidi kulipenda, kama mtu anayesikia habari mbaya za mchumba.

Leo asubuhi nikaamua. Nikajiambia mbele ya kioo: Ferrel, unalitaka wewe. Si Odette. Wewe! Nikajisikia mtu mzima. Nikachana nywele. Nikaenda.

Halipo.

Penye gari kuna nyasi za manjano zenye umbo lake. Bi Verlie alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anapepea nzi. Akasema kauza jana. Nikashika mlango wa kibanda. Nikauliza kwa nani.

"Kwa Nolan Broussard. Usinitazame hivyo. Nilimwambia yote niliyokuambia wewe, na mengine nikayatunga. Alilia tu. Nifanye nini na mwanaume anayelia?"

Mwizi! Na mayai yake! Mtu mwenye pikapu inayowaka kila siku ya Mungu, anamnyang'anya jirani ndoto yake, tena siku moja kabla! Bi Verlie akasema nimeponea chupuchupu, nikawashe mshumaa kanisani. Akanipa kahawa. Nilikunywa nikitazama zile nyasi.

Odette aliposikia alinishika bega. Akauliza ningefanya nini kama lingekuwepo. Nikamwambia ukweli. Akasema alijua. Akanipa kipande kikubwa cha mkate wa mahindi.

Jumamosi, 20 Aprili

Nilikwenda kwa Nolan kumtukana. Nilikuwa nimepanga maneno, matatu yakiwa ya Kifaransa cha bibi yangu.

Nilimkuta uani, chini ya mti wa pekani, ndani ya gari. Paa liko wazi. Chupa ya chai ya barafu kwenye dashibodi. Amevaa tai. Gari halijawaka tangu lishushwe, akasema. Fundi kafungua boneti, katazama, kafunga, na hakudai kitu. Pembeni yake, kiti cha abiria kimefutwa mpaka kinang'aa, na juu yake kuna kofia ya kike ya jua.

Maneno yote yakanitoka.

Akaichukua kofia taratibu akaiweka kiti cha nyuma, akanifungulia mlango.

Tukakaa. Mwanga ulikuwa unapenya majani, madoadoa yanatembea kwenye boneti, na kama ukilegeza macho unaona kabisa barabara inakuja. Upepo ulitupitia. Sikutarajia. Muda ulikwenda, au hatukuwa nao. Nolan akashika usukani.

"Twende wapi?" akaniuliza.

"Popote. Ila usikate kushoto."

Akacheka mpaka akafuta macho. Ni mara ya kwanza namsikia akicheka tangu msiba. Akaniambia kuhusu Earline, na mimi sina haraka ya kufika jikoni kwa mtu, nikasikiliza. Earline, kumbe, alikuwa hodari wa kudanganya kwenye karata. Odette alipita na kile kiatu chake cha kahawia, kinaenda kimya, akatuona, akapunguza mwendo, akatupungia kama watu walioko safarini.

Bado ni mwizi. Lakini nimemwambia nitapita tena kesho.

Jumanne, 30 Aprili

Leo Odette kasema nimebadilika. Kwamba nimetulia. Kwamba labda jambo lile la gari limenifundisha kitu. Nikamwambia limenifundisha mengi sana, na ni kweli: limenifundisha kutochelewa.

Maana nimerudi sasa hivi kutoka mnada wa wilaya ya jirani. Nilikwenda kununua ndoo. Na kule nyuma, kwenye magugu, peke yake, likinitazama: gari la zimamoto. Jekundu! Refu! Liliungua lenyewe likiwa kituoni, zimamoto wakiwa wamelala ndani. Limeungua upande mmoja tu. Ukisimama upande wa pili huwezi kuamini. Ngazi inapanda mpaka juu ya miti, kisha inabaki huko, lakini nani anataka kushuka? Nimemwona Odette juu ya ngazi ile, jioni, juu ya mabwawa yote, nywele zake na mawingu. Nimeona sherehe za watoto, maandamano ya mtakatifu, mabibi harusi. Nimeona kengele ya shaba.

Bwana wa mnada aliniuliza kama ninaelewa maana ya hati ya mabaki, na kama nimewahi kumiliki gari la aina hiyo. Nilimtazama kwa upole, kama mtu mzima anavyomtazama mwanafunzi.

Nikamwambia kumiliki bado, lakini uzoefu ninao. Nikatia saini.